Injini za Wafumaji: Toyota, kutoka kalibu za Kariya hadi gereji za Gerezani

Mwaka 1930 Japani ilikuwa bado nchi ya kuunga magari ya watu wengine. Tetemeko la ardhi la 1923 lilipoibomoa Tokyo na kuziharibu njia zake za tramu, manispaa iliagiza Marekani mamia ya chasisi za malori ya Ford ili ziundwe mabasi, na kampuni za Marekani zikatambua kwamba kuna soko. Ford ikafungua kiwanda Yokohama mwaka 1925. General Motors ikafuata Osaka mwaka 1927. Makasha yalishushwa bandarini yakiwa na injini tayari, giaboksi tayari, ekseli tayari. Kazi ya Mjapani ilikuwa kukaza bolti na kupaka rangi. Anayejua kazi ya kiwanda cha AVA pale Mombasa, ambako Land Cruiser zimekuwa zikiungwa kwa vipande vinavyotoka ng'ambo, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Naanzia hapo kwa sababu habari za Toyota husimuliwa kwetu kana kwamba Wajapani walizaliwa na spana mkononi. Injini iliyo chini ya viti vya mbele vya Haisi, ile iliyo ndani ya IST ya teksi, na ile inayoivuta Land Cruiser ya hospitali ya wilaya, zina ukoo mmoja, na ukoo huo ulianza na watu wasiojua kusubu bloku ya silinda. Walijifunza kwa kuharibu. Mengi waliyojifunza kwa hasara ndiyo yale yale ambayo mwenye gari anapaswa kuyafahamu leo akitaka injini yake idumu.

Mzee wa ukoo ni Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala aliyezaliwa mwaka 1867 katika kijiji cha mkoa wa Shizuoka. Hakuwahi kuunda gari. Maisha yake yote aliyatumia kwenye mitambo ya kufuma nguo. Hataza yake ya kwanza, ya mwaka 1891, ilikuwa ya mtambo wa mbao wa kuendeshwa kwa mkono. Mwaka 1924, akiwa pamoja na mwanawe Kiichiro, alikamilisha mtambo wa Aina G. Mtambo huo ulijiwekea uzi mpya bila kusimamishwa, na uzi ulipokatika ulisimama wenyewe. Sifa hiyo ya pili ndiyo iliyobadilisha mambo. Kabla yake, uzi ukikatika pasipo mtu kuona, mtambo uliendelea kufuma nguo mbovu hadi mfanyakazi afike. Sasa mtu mmoja aliweza kusimamia mitambo mingi, kwa sababu kila mmoja ulijua kusimama kosa linapotokea. Kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, iliyokuwa miongoni mwa wakubwa wa dunia katika biashara hiyo, ilinunua haki za mtambo huo mwaka 1929 kwa bei iliyokubaliwa ya pauni 100,000. Sakichi alifariki mwaka uliofuata.

Husemwa mara nyingi kwamba pauni hizo ndizo zilizoizaa Toyota. Maelezo hayo yanavutia, lakini mradi wa magari ulikuja kumeza fedha nyingi kuliko hizo. Mtaji uliokuwa na thamani zaidi ulikuwa kiwanda cha mitambo cha Kariya, mkoani Aichi, chenye tanuru, kalibu na mafundi waliozoea kusubu fremu za chuma. Kiichiro, aliyehitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo mwaka 1920, alikuwa amezuru viwanda vya Marekani na Uingereza na kurudi na nia moja. Alianza kwa injini ndogo ya kufungwa kwenye baiskeli, akaivunja na kuiunda upya kwa vipimo vyake. Septemba 1933 idara ya magari ikafunguliwa rasmi ndani ya kiwanda cha mitambo ya kufuma. Wakanunua gari la Chevrolet, wakalifungua lote, wakakichora na kukipima kila kipande.

Kuchora kulikuwa rahisi. Tabu ilianzia kwenye bloku.

Fremu ya mtambo wa kufuma ni chuma kinene, kimejaa. Unamimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu ya mchanga, unasubiri kipoe, unavunja mchanga. Bloku ya injini ina matundu ya silinda, na kuizunguka kila silinda kuna mifereji ambamo maji hupita kuipooza. Ili mifereji hiyo ipatikane, lazima viini vya mchanga viwekwe ndani ya kalibu kabla ya chuma kumiminwa, vyembamba, vimeshikana kwa mafuta, vikae mahali pake bila kusogea chuma cha moto kinapovizunguka, kisha vivunjike vyote na kutoka. Kiini kikisogea milimita chache, ukuta wa silinda unatoka mnene upande huu na mwembamba upande ule. Kikiwa na unyevu, mvuke unatoboa vitundu ndani ya chuma. Mafundi wa Kariya walisubu bloku, wakazikata, wakakuta vitundu. Wakasubu nyingine, zikapasuka. Bloku nyingi zilirudi tanuruni. Kwa injini ya kwanza waliweza kutengeneza wenyewe bloku, hedi na pistoni, na baadhi ya sehemu nyingine wakazinunua za Chevrolet kama zilivyo.

Septemba 1934 injini ya Aina A iliwashwa: silinda sita kwa mstari, ujazo wa sentimita za ujazo 3,389. Nguvu yake ilikuwa chini ya ile waliyoiiga, jambo lililowauma. Walirudi kwenye hedi, wakabadilisha umbo la mahali mchanganyiko wa hewa na petroli unapoungulia, na injini ikafika nguvu za farasi 62. Mei 1935 gari dogo la majaribio, A1, lilikuwa tayari. Lakini Kiichiro alijua serikali na jeshi walitaka malori, kwa hiyo Novemba mwaka huo lori la G1 ndilo lililotangulia sokoni.

Lori hilo liliharibika. Ekseli zilikatika, gia ziligoma, na malori yakakwama barabarani yakiwa na mizigo ya watu. Shotaro Kamiya, aliyeacha kazi General Motors ya Japani ili awauzie wafumaji magari yao, alitambua kwamba lori bovu linaweza kuuzwa mara moja tu. Kampuni ikachagua kuyauza malori ya mwanzo karibu na kiwanda, ili mafundi wayafikie upesi kila yalipokwama, na kila kilichovunjika kilirudishwa Kariya kuchunguzwa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipindi muhimu kuliko vyote katika historia ya kampuni hiyo, ingawa vitabu vya sifa hukipita haraka. Uimara tunaouona leo katika gari la miaka thelathini ulianza na orodha ya vitu vilivyokatika.

Mwaka 1936 serikali ya Japani ilipitisha sheria ya kuwapa nafasi watengenezaji wa ndani na kuzibana Ford na General Motors. Mwaka huo huo gari la abiria la AA likatoka, na jina la biashara likabadilishwa kutoka Toyoda kuwa Toyota. Agosti 1937 Toyota ikawa kampuni yake yenyewe. Novemba 1938 kiwanda kikubwa kikafunguliwa Koromo, mji ambao tangu 1959 unaitwa Toyota.

Vita vilipokwisha kampuni ilikuwa hoi. Mwaka 1950 madeni, upunguzaji wa wafanyakazi na mgomo mrefu vilimlazimisha Kiichiro kujiuzulu. Majuma machache baadaye vita vya Korea vilianza, jeshi la Marekani likaagiza malori, na kampuni ikapumua. Yeye hakufaidi, alifariki Machi 1952 akiwa na umri wa miaka 57.

Katika miaka hiyo ya dhiki ndipo lilipozaliwa gari ambalo Afrika Mashariki ingelifahamu kuliko mengine. Januari 1951 Toyota iliunda gari la mfano wa jipu, BJ, na kwa sababu haikuwa na injini nyingine ya kufaa, ikaweka ndani yake injini ya lori, Aina B, yenye lita 3.4. Gari dogo likapewa kifua cha lori. Julai mwaka huo dereva wa majaribio Ichiro Taira alilipandisha hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji, mahali ambapo gari halikuwahi kufika. Mwaka 1954 gari hilo lilibatizwa Land Cruiser.

Ndani ya karakana ya Koromo, pale injini zilipokerezwa, kulikuwa na mtu aliyeitwa Taiichi Ohno. Alikuwa ametoka upande wa nguo wa familia ya Toyoda na kuhamia upande wa magari mwaka 1943. Alipokabidhiwa karakana hiyo alishangaa kuona fundi mmoja amesimama mbele ya mashine moja, akiitazama inavyokata chuma, ilhali katika viwanda vya nguo msichana mmoja alihudumia mitambo mingi. Akapanga mashine upya ili mtu mmoja ashughulikie mbili, kisha tatu au nne. Akaleta kanuni ya mtambo wa Sakichi: mashine ijue kusimama yenyewe kunapotokea kasoro, na mfanyakazi awe na haki ya kuusimamisha mstari mzima wa kazi. Akataka pia kila hatua ya kazi ichukue kutoka hatua iliyotangulia kiasi inachohitaji tu, kwa kadi iliyoitwa kanban. Mfumo huo, ambao sasa husomwa katika vyuo vya biashara duniani kote, ulianza mahali bloku na krenkishafti zilipokuwa zikikerezwa.

Mwaka 1965 Toyota ilifungua Kamigo, kiwanda cha injini, humo humo katika mji wa Toyota. Mwaka 1975 kikafuata Shimoyama. Anayeuliza injini ya gari lake ilitengenezwa wapi, jibu la gari lililotoka Japani mara nyingi liko ndani ya mkoa wa Aichi, lakini si lazima liwe kiwanda cha Toyota yenyewe. Injini nyingi za dizeli zimetoka Hekinan, katika kiwanda cha Toyota Industries, ambayo ndiyo ile ile kampuni ya mitambo ya kufuma iliyoanza Kariya. Humo ndimo ilimotoka 1HZ, dizeli ya lita 4.2 ya Land Cruiser. Injini nyingi ndogo za Passo na Vitz za lita moja ni kazi ya Daihatsu, kampuni iliyoanzishwa Osaka mwaka 1907 kwa ajili ya kutengeneza injini, kabla hata Toyota haijawazwa. Baadhi ya injini za mbio zilipita mikononi mwa Yamaha. Kisha kuna viwanda vya ng'ambo: Deeside huko Wales tangu 1992, Buffalo katika jimbo la West Virginia, Chonburi nchini Thailand, Karawang nchini Indonesia, na vya Poland. Kwa hiyo Corolla mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na injini zilizosubiwa mabara mawili tofauti. Usitafute jibu kwenye beji ya boneti. Herufi na namba zilizogongwa kwenye bloku zinataja aina ya injini, na hizo ndizo fundi anazopaswa kuzisoma kabla ya kununua hata gasketi.

Zilifikaje kwetu kwa wingi huu? Sababu moja iko katika sheria za Japani. Gari jipya hukaguliwa likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo, unaoitwa shaken, una gharama. Wenye magari wengi huona afadhali kuuza kuliko kulipa. Magari yenye maisha marefu bado mbele yake yakaanza kupandishwa meli kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Yenye ajali au yaliyozeeka yalichinjwa, injini zake zikatolewa zikiwa nzima, nyingi zikapitia Dubai, na leo ziko sakafuni mwa maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na soko la Kisekka, Kampala, zimepangwa kwa safu, bado zina waya zilizokatwa kwa mkasi.

Kuna wakati tulijaribu kutengeneza ya kwetu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Wahandisi walishirikiana na karakana za Shirika la Reli, mahali palipokuwa na tanuru na mafundi wa kusubu chuma, na Februari 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa Kasarani. Uzalishaji haukuanza, fedha hazikupatikana, na kampuni iliyoundwa kwa ajili ya gari hilo ikageuka kuwa Numerical Machining Complex, karakana ya kukereza vipuri. Wengi huitaja Pioneer kwa kejeli. Mimi sioni cha kuchekesha. Kariya ilipoharibu bloku zake, kulikuwa na kampuni ya mitambo iliyokuwa ikiuza na kupata faida, na baadaye sheria ya kuikinga sokoni. Wahandisi wa Nairobi walifikia hatua ngumu kuliko zote, kuisubu injini, kisha wakaachwa hapo.

Yaliyobaki mikononi mwetu ni kuzitunza zilizotengenezwa na wengine, na kazi hiyo si ndogo. Gari linalofika Dar es Salaam likiwa na miaka kumi huanza maisha ya pili, na urefu wa maisha hayo huamuliwa na mwenye gari na fundi wake.

Tuanze na oili. Krenkishafti haigusani na beringi zake. Kati yao kuna nafasi ya sehemu chache za mia za milimita, na nafasi hiyo hujazwa oili inayosukumwa na pampu. Kuta za silinda nazo zimechorwa kiwandani mistari midogo inayokatizana, ambayo hushika oili ili ringi za pistoni ziteleze juu yake. Oili ikichakaa huwa tope. Tope huziba mifereji. Beringi hukosa ulinzi. Chuma kikagusa chuma, na fundi akakwambia injini imenoki. Wajapani wenyewe wameandika kwamba kwa injini nyingi za petroli zisizo na tabo oili inaweza kukaa kilomita 15,000, lakini kwa mazingira magumu nusu ya hapo. Mazingira magumu kwa maelezo yao ni vumbi, njia mbovu, milima, na safari fupi fupi za kusimama kila mara. Hiyo ni barabara ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Mazoea ya kwetu ya kubadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta yake ni mazuri, na asikudanganye mtu kwamba ni ya kizamani.

Kosa kubwa liko kwenye aina ya oili. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika IST, Probox, Fielder na Premio nyingi, ilitengenezwa kwa oili nyepesi ya 5W-30, na hunywa karibu lita 3.7 ukibadilisha na filta. Ina mfumo wa VVT-i, ambao huisogeza kemishafti kwa nguvu ya oili inayopita kwenye vali yenye chujio dogo sana. Ukiimwagia oili nzito iliyofaa injini za chuma za miaka ya 1980, itachelewa kufika kwenye hedi kila asubuhi unapowasha, na ndizo sekunde zinazokula chuma zaidi. Nunua kwa muuzaji unayemjua, na ukimaliza kopo litoboe kabla ya kulitupa, kwa sababu makopo matupu hujazwa tena na kuuzwa kama mapya.

Kuna injini zinazokula oili kwa kasoro ya kuzaliwa. 1ZZ-FE za kabla ya katikati ya miaka ya 2000 zilikuwa na pistoni zenye matundu machache ya kurudishia oili, ringi zikaganda, oili ikaungua. Baadaye pistoni ilirekebishwa. Mwenye injini hiyo achomoe kijiti cha oili kila juma, gari likiwa limesimama tambarare na injini imepoa. Taa nyekundu yenye mchoro wa kibirika haimwambii dereva kwamba oili imepungua. Humwambia kwamba msukumo wa oili umekwisha. Ikiwaka ukiwa njiani, zima injini papo hapo, hata kama umebakiza mtaa mmoja kufika nyumbani. Mtambo wa Sakichi ulisimama wenyewe. Gari nyingi zilizo barabarani kwetu zinamwachia dereva kazi hiyo.

Maji nayo. Ile mifereji iliyowatesa wasubu wa Kariya ni myembamba, na kutu ndiye adui yake. Maji ya kisima cha Pwani yana chumvi. Ukiyajaza kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka, mifereji inaziba, pampu ya maji inaliwa, na siku moja gari linachemsha kwenye mlima wa Kitonga. Tumia kuleti iliyochanganywa kwa maji yaliyosafishwa. Toyota ilitoa kuleti nyekundu kwanza, kisha ya waridi ambayo hukaa kilomita 160,000 mara ya kwanza na 80,000 kila baada ya hapo, na si vizuri kuzichanganya.

Kisha kuna temostati. Nimeshuhudia mabishano mengi ya gereji juu yake, na fundi mzuri wa mambo mengine akaing'oa na kuitupa, akisema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Katika injini nyingi za Toyota temostati ina kazi mbili: inafungua njia ya rejeta injini ikipata moto wa nyuzi kama 82, na wakati huo huo inaifunga njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Siku ya mlima mrefu na mzigo mzito, gari lisilo na temostati linaweza kuchemsha upesi kuliko lenye nayo.

Injini nyingi za zamani zina bloku ya chuma na hedi ya alumini, na metali hizo mbili hutanuka kwa viwango tofauti. Ikichemka sana, hedi hupinda na gasketi huungua. Ukiona mshale unapanda, zima kiyoyozi, fungulia hita hata kama ni mchana wa Dodoma, egesha, zima. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, na usimwagie maji baridi bloku inayofuka. Ukikuta maji yanapungua bila kuvuja nje, au oili ina rangi ya chai ya maziwa, acha kuendesha.

Kwa bloku za chuma kama za 5A, au za 3L na 5L za Haisi, silinda ikilika fundi wa kukereza anaweza kuichonga na kuweka pistoni kubwa zaidi. Kwa 1NZ na 1ZZ mambo ni mengine: bloku ni alumini, ndani mna vikombe vyembamba vya chuma, na kiwanda hakikutoa pistoni za saizi ya kuongezea. Ndiyo maana mafundi wengi hawafungui injini hizo, hukimbilia injini ya mtumba. Ukinunua, pima mgandamizo wa silinda zote kabla ya kulipa, angalia chini ya kifuniko cha oili kama kuna tope, na dai herufi za injini zilingane na kompyuta ya gari lako.

Vumbi huua polepole. Mchanga mwembamba wa barabara zetu una chembe ngumu kuliko chuma, na zikipenya huzisaga ringi na kuta za silinda. Kuipuliza filta ya hewa kwa kompresa mara mbili tatu kunavumilika. Kuendelea kuipuliza hadi karatasi inatoboka ni kununua injini nyingine. Magari ya Safari Rally yalijifunza hilo njiani kwetu. Celica zilizoshinda mfululizo 1984, 1985 na 1986, na ile ya Mkenya Ian Duncan mwaka 1994, zilipita katika vumbi ambalo injini yoyote ingelivuta kifuani kama haikukingwa.

Mwisho ni mkanda wa taimingi. 1NZ hutumia cheni, ambayo ikipata oili safi huchukua miaka mingi. 1HZ ya Land Cruiser hutumia mkanda wa mpira, na kiwanda kimeagiza ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kuna taa kwenye dashibodi inayowaka zikitimia. Mkanda ukikatika, pistoni zinagonga vali na hedi inaharibika, mara nyingi mbali na mji, kwa sababu huko ndiko gari hizo hufanya kazi. Kwa Land Cruiser iliyonunuliwa ikiwa imetumika usiitegemee taa. Wengi huizima bila kubadilisha chochote, na namba za kilomita huweza kurudishwa nyuma. Mwambie fundi afungue kifuniko cha mbele, atazame mkanda na rola yake, na kama hakuna maandishi ya mwisho ulibadilishwa lini, ufungwe mpya siku hiyo hiyo, kisha tarehe na kilomita ziandikwe kwa rangi juu ya kifuniko, mahali fundi atakayefuata atakapoziona.